Pombe Haijaiva, Rudini Makwenu

Mtu akifuga njiwa hapa Kireka, Kampala, nani anamgongea mlango kuuliza njiwa wataiva lini? Mimi nikiwa na pipa moja la pombe ya matufaha, mtaa mzima una habari na ratiba yangu.

Shida ni kwamba tumelelewa na tonto, pombe ya ndizi. Ndizi mbivu zinakamuliwa kwa nyasi, juisi inaingia kwenye mtumbwi wa mti, unatupia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika na majani ya mgomba. Kesho kutwa watu wanakunywa, tena wanywe upesi, maana ikikaa siku chache inakuwa siki. Sasa mtu wa malezi hayo umwambie wiki tatu kwenye pipa, mbili kwenye chupa! Shemeji yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hiyo pombe au mimba ya sungura?"

Na haya matufaha si ya kuokota. Yanatoka Afrika Kusini, au kule Kabale kwenye baridi, na lita 10 za juisi zinakula kilo 20 hivi. Nikinunua boksi, muuzaji ananipa pole. Anadhani nina mgonjwa.

Nikishatia hamira nafunga kifuniko kabisa, mpira mwembamba unatoka pale juu na kuzama kwenye chupa ya maji. Gesi itoke, hewa isiingie. Basi. Shemeji akifika, hata salamu haijaisha, kifuniko kiko mkononi. "Nanusa tu." Pua ile inaniletea siki! Usiku maji yakianza blup, blup, mpangaji wa chumba cha pili anauliza kama nimefuga chura.

Wataalamu nao hawaishi. Jirani Mteso, bwana mpole kweli, anauliza tu mirija iko wapi na maji ya moto yanamiminwa saa ngapi, kama ni ajono, pombe ya ulezi ya Wateso wenzake. Afande mstaafu wa mlango wa mwisho anataka tuipandishe motoni itoke waragi, ile kali ya kukeneka. Nikamwambia, Afande, sheria ya enguli, yaani waragi ya kienyeji, ya mwaka 1965 ilikataza kuipika bila leseni. Akasema anaijua vizuri, alikuwa akiwakamata watu kwa sheria hiyo, ndiyo maana hata ladha anaijua.

Mama mkwe, kwa heshima ya Kiganda, hatukaribiani, kwa hiyo dharau zake zinapitia kwa mke wangu. Nilimpelekea glasi ya ile iliyoiva, safi, kali, povu linapanda. Jibu likarudi: "Mwambie mkwe wangu juisi ni nzuri, ila asisahau kuitia mtama."

Chupa zilizobaki, zile za plastiki za soda, nimezisukuma chini ya kitanda. Kila jioni naminya moja moja. Ikiwa ngumu mkononi, gesi imejaa, iende friji, umeme ukiwepo. Na tangu jana shemeji analalamika mgongo. Anauliza kama anaweza kujinyoosha kidogo chumbani kwetu, hata sakafuni, hana neno.