Mbunge wa Kusini ashike shilingi ipi: ya reli au ya halmashauri?

Kila bajeti ya Wizara ya Uchukuzi inaposomwa Dodoma, hakosekani mbunge wa Mtwara, Lindi au Ruvuma wa kuuliza reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay itajengwa lini. Jibu limezoeleka kiasi kwamba mtu angeweza kulitoa akiwa amelala: upembuzi yakinifu umekamilika, serikali inatafuta mwekezaji wa kuingia naye ubia. Wiki chache kabla ya hapo, kwenye bajeti ya TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, mbunge huyo huyo anakuwa ameshalalamika kwamba halmashauri yake haina fedha, zahanati imeishia kwenye lenta na barabara ya kata fulani haipitiki masika.

Jimboni madai yote mawili hupigiwa makofi, na la reli hupigiwa zaidi. Mimi naona ni madai ya aina mbili tofauti kabisa. La halmashauri mbunge anaweza kulishinda kwa kazi ya miaka miwili mitatu ndani ya Bunge. La reli analitegemea kwa watu ambao hawamo ukumbini: wakopeshaji, wanunuzi wa makaa ya mawe, wawekezaji wa chuma. Lakini nguvu kubwa inamwagwa huko.

Tuanze na reli yenyewe. Inayozungumzwa ina urefu wa takribani kilometa 1,000, kutoka bandari ya Mtwara kupitia Songea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga wilayani Ludewa, kwenye makaa ya mawe na chuma. Hoja ya wanaoitaka ina uzito. Makaa ya Mbinga yanasafirishwa kwa malori hadi Mtwara, na barabara ya Songea, Tunduru, Masasi inaubeba mzigo huo usiku na mchana. Piga hesabu: kila tani milioni moja ni zaidi ya safari 33,000 za lori la tani 30, yaani malori zaidi ya 90 kwa siku, bila kuhesabu yanayorudi matupu. Hakuna lami ya kawaida itakayostahimili hayo muda mrefu, na anayelipia ukarabati ni mlipakodi, siyo mwenye makaa.

Kuna na suala la kutegemea njia moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, mikoa ya kusini ilijikuta kisiwani. Reli ya Mtwara–Mbamba Bay isingeitatua hiyo, kwa sababu haiendi Dar es Salaam (jambo ambalo wasemaji wengi hulipita kimyakimya), ila ingeipa bandari ya Mtwara sababu ya kuleta meli nyingi zaidi, na bidhaa zingeshuka hapo hapo badala ya kuzunguka. Gati jipya la mita 300 lipo tayari. Linangoja mzigo.

Halafu kuna kumbukumbu ya 2013. Watu wa Mtwara walipoingia barabarani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, hawakuwa wanazungumzia bomba peke yake. Walikuwa wanasema kusini inatoa na haipewi. Mbunge anayedai reli anasimama juu ya hisia hiyo, na kumkejeli kwamba anatafuta kura ni kukwepa swali.

Sasa upande wa pili, ambao jimboni hausemwi sana. Kipande cha SGR, reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilometa 300 pamoja na njia za kupishania, kiligharimu takribani dola bilioni 1.2. Kwa kiwango hicho, kilometa 1,000, hata bila njia za kupishania, ni dola bilioni 4, na hapo hatujagusa milima ya Mbinga, ambayo haifanani na tambarare ya Ruvu. Serikali inayoendelea kulipa mikopo ya SGR kwenda Mwanza na Kigoma ina haki ya kuuliza: mzigo uko wapi wa kulipa deni hili?

Swali hilo kusini lina historia yake. Reli ya kwanza ya kusini ilikuwepo. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa mzigo huo huo. Mradi ulikufa 1951, karanga hazikuja. Reli ikaendelea kujikongoja bila mzigo wa maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Chanzo cha kufungwa kwake hakikuwa chuki kwa watu wa kusini. Mabehewa yalikuwa hayajai. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ni shahidi. Katikati ya miaka ya 1980 ilibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na kufikia 2014/15 ilikuwa imeshuka chini ya tani 100,000. Reli ilikuwepo, injini zilikuwa mbovu, wateja wakahamia kwenye malori.

Hapa ndipo wabunge wa mikoa ya korosho wanapoteleza. Wanasema: tunazalisha korosho nyingi, tupeni reli. Kweli, msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000. Lakini korosho ya Tandahimba na Newala iko karibu mno na bandari. Mzigo ukishapakiwa kwenye lori ghalani, hakuna mwenye akili timamu atakayeupeleka stesheni, aushushe, aupandishe behewa, kisha aushushe tena bandarini, ili kuokoa safari isiyofika hata kilometa 200. Isitoshe korosho ni ya miezi michache. Kinachoijenga hoja ya reli ni makaa na chuma cha mbali, pengine na mizigo ya Malawi ikivuka ziwa. Kwa hiyo hatima ya reli inamgusa zaidi mtu wa Ludewa na Mbinga, na kule Liganga na Mchuchuma mkataba na mwekezaji wa China ulisainiwa 2011, lakini hata fidia za wananchi zilikuja kulipwa 2023. Kama mgodi wenyewe ulisinzia miaka yote hiyo, reli ya kuubebea ingekuwa inabeba nini?

Kwa mkulima wa korosho, barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilometa 210, ina maana kubwa kuliko reli. Imekuwa ikijengwa kwa vipande kwa miaka mingi. Sijasikia ikipigiwa kelele nusu ya zile za reli.

Hata hivyo nisijifanye kwamba reli huamuliwa na mahesabu ya tani tu. Kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka kilisainiwa Januari 2021, miezi kadhaa kabla ya kile cha Makutupora hadi Tabora kupata mkandarasi. Kihandisi unajiuliza: kwa nini uanze mwisho wa njia wakati katikati hakuna kitu? Kisiasa jibu liko wazi. Njia ya Tanga, Moshi hadi Arusha, iliyokaa miaka mingi bila treni ya abiria, ilifufuliwa 2019 na 2020 kwa sababu Ikulu iliamua. Basi mbunge wa kusini akisema siasa hujenga reli, hajakosea. Kinachotofautiana ni gharama: kufufua njia iliyopo ni bei ya chini kabisa ukilinganisha na kukata njia mpya hadi Ziwa Nyasa, na kusini hakuna cha kufufua kwa sababu vyuma viling'olewa.

Tuje kwenye halmashauri, ambako naona mbunge ana silaha halisi.

Halmashauri ya kusini inaishi kwa korosho. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5. Mwaka 2017 serikali ikaushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Chukua wilaya inayouza tani 50,000 kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Kwa kiwango cha zamani ingepata shilingi bilioni 7.5. Kwa kiwango cha sasa ni bilioni 4.5. Tofauti ya bilioni 3 kila msimu ni vituo vya afya kadhaa. Na bei ikianguka mnadani, bajeti ya wilaya nzima inaanguka nayo siku hiyo hiyo.

Serikali ina jibu, na siyo jibu la ovyo. Kisheria anayelipa ushuru ni mnunuzi, lakini mkulima yeyote wa Tandahimba atakwambia mzigo unaishia kwenye bei yake. Mnunuzi anajua atakatwa, anashusha anachotoa mnadani. Kuupunguza ushuru ni kumwongezea mkulima. Mbunge anayetaka asilimia 5 irudi hana budi amweleze mkulima kwamba anamwomba achangie zaidi. Hapo ndipo hotuba nyingi hukatikia.

Kodi ya majengo ni habari nyingine. Ilikuwa chanzo cha halmashauri, mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi kuanzia 2023. Mfumo huo unakusanya kuliko watendaji wa kata walivyowahi kukusanya, hilo tulikubali. Lakini fedha inakwenda kwanza kapu la taifa, na halmashauri inabaki kungoja mgao kama anayengoja zamu kisimani.

Kubwa kuliko yote ni ile ya Juni 2018. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ulikuwa unagawanywa: asilimia 65 kwa mfuko wa kuendeleza zao, uliolipia pembejeo na utafiti, na 35 kwa hazina. Sheria ya fedha ya mwaka ule ikapeleka zote Mfuko Mkuu. Wabunge wa kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja. Walishindwa. Wapo wanaosema hiyo ndiyo ithibati kwamba mbunge hana meno, na ukisoma Katiba unaona wanakotokea: ibara ya 99 hairuhusu Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au matumizi isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais. Mbunge hawezi kuandika reli kwenye bajeti. Anachoweza ni kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuizuia shilingi ya mshahara wa waziri ili mjadala ulazimike, kisha waziri anaahidi, mbunge anairudisha.

Mimi nalisoma tukio la 2018 kinyume chake. Pale wabunge walikuwa wanapigania asilimia iliyokuwa imeandikwa kwenye sheria, kila mtu aliweza kuiona na kuihesabu, na walioipoteza walijua nani aliichukua. Mwaka 2021 wabunge wa vijijini walipokazana kuhusu barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta ikaingia kwenye sheria kwa ajili ya barabara hizo. Ahadi ya reli haina asilimia wala tarehe, ndiyo maana waziri yeyote anaweza kuitoa bila jasho.

Ila hapa mbunge naye aulizwe. Ni mjumbe wa Baraza la Madiwani kwenye halmashauri yake. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikitaja mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS yasifike benki. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo yake ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya namna ilivyokuwa ikitolewa na isivyorejeshwa. Hazina ikimjibu kwamba halmashauri yake inavuja, ataweka wapi uso? Anayedai kapu liongezwe aje na hesabu za lililopo.

Nasikia jibu: mbunge akinyamazia reli, itasahaulika. Sawa, asinyamaze. Abadilishe swali. Badala ya "lini itajengwa", aulize wachimbaji wa makaa wamesaini kupitisha tani ngapi wakiipata njia hiyo, na kama hawajasaini, nani anawafuata. Aulize pia kama serikali iko tayari kuanza na kipande kimoja, na kipi. Na mbunge wa Tunduru ajiulize mwenyewe jambo gumu: malori yakihamia relini, gesti, mama lishe na mafundi wa matairi wa barabara kuu watapoteza wateja, na halmashauri itapoteza leseni na ushuru wao, wakati fedha ya matengenezo iliyookolewa itabaki TANROADS, wakala wa barabara kuu, isifike Tunduru. Mgao wa fedha hiyo unapaswa kudaiwa kabla ya treni, siyo baada.

Mwisho kuna mahali ambapo madai haya mawili yanakutana kweli, na sijui kwa nini hapazungumzwi: ardhi. Watu wanaendelea kujenga na kupanda mikorosho kandokando ya Songea, Tunduru na Masasi. Njia ya reli isipopimwa na kutengwa mapema, fidia ya miaka kumi ijayo itaongeza bei ya mradi na kuwapa wakopeshaji sababu nyingine ya kusita. Sehemu kubwa ya kazi ya kupanga matumizi ya ardhi iko mikononi mwa halmashauri, zile zile zisizo na fedha za upimaji. Mbunge akishika shilingi kwenye bajeti ya TAMISEMI mwezi Aprili kwa ajili ya fedha za kupima ukanda huo, atakuwa ameidai reli kwa namna ambayo waziri hawezi kuijibu kwa upembuzi yakinifu.