Bado Uwanja: Pevingi, Udongo na Maji Yanayokwenda kwa Jirani

Tangu nihamie kwangu, mgeni akimaliza kuizunguka nyumba huwa ananiambia neno lile lile: "Hongera sana, umemaliza. Bado uwanja tu." Analisema kwa nia njema kabisa. Anachomaanisha ni kwamba sijapiga pevingi, yaani sijaufunika uwanja kwa vitofali vya saruji. Udongo anaoukanyaga, ukoka ulioshika nusu ya eneo na mwembe mchanga ulioko upande wa magharibi anaviona kama kazi iliyosimama kwa sababu fedha zimekata. Hata fundi aliyenijengea ukuta, kila akipita mtaani kwetu, hunisalimu na kuuliza: "Bosi, vitofali tunashusha lini?"

Nimeandika haya kwa sababu ya hilo neno "bado". Dar es Salaam ya leo, na nadhani miji yetu mingine pia, imeshakubaliana kimyakimya kwamba uwanja wa udongo ni uwanja ambao haujaisha. Mwenye miti anaonekana mvivu au hana uwezo. Mwenye vitofali kutoka getini hadi ukuta wa nyuma ndiye aliyemaliza. Kwa maoni yangu tumeelewa kinyume, ingawa sitaki kujifanya kwamba wanaopiga pevingi hawana hoja.

Hoja wanazo, tena nzito. Aliyewahi kutoka na viatu vya kazini masika, mlangoni pake kuna tope, hahitaji kufafanuliwa. Kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye vyombo. Gari likizama uwanjani alfajiri, siku imeharibika. Ikitokea shughuli au msiba, turubai linasimama vizuri na viti havichimbi ardhi. Iko nyingine ambayo haitajwi sana, na kwangu ndiyo iliyonigusa: mzee. Mama yangu anatembea kwa mkongojo. Udongo wenye mashimo na mizizi iliyochomoza ni hatari kwake, na mtu wa umri ule akianguka na kuvunjika nyonga, maisha ya nyumba nzima yanabadilika. Kwa hiyo anayesema pevingi ni maringo tu hajawahi kumshika mkono mzee kutoka mlangoni hadi chooni usiku wa mvua.

Lakini hoja zote hizo ni za njia. Ni za mahali mguu unapopita na gurudumu linaposimama. Hakuna hata moja inayosema lazima kila kipande cha ardhi kifunikwe, na kufunika kila kipande ndicho tunachofanya.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 25, yaani mita 500 za mraba. Nyumba imekaa kwenye 160, zimebaki 340. Mvua ya milimita 60, ambayo kwa masika ya Dar si ya kushangaza, itamwaga juu ya kiwanja hicho lita 30,000. Ni boza tatu za lita elfu kumi kumi, zimemwagwa ndani ya ukuta wako pengine kwa saa mbili. Bati litakusanya lita 9,600 na uwanja lita 20,400. Uwanja ukiwa wote vitofali, maji hayo hayana kwa kuingia. Ndiyo maana fundi anaweka mwinamo kuelekea getini na kuacha matundu chini ya ukuta. Maji yanatoka barabarani na wewe unaona uwanja wako umekauka haraka, ukaridhika.

Yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa aliye chini yako. Nyumba mia za mtaa mmoja zikifanya hivyo ni lita milioni 3 kwa mvua hiyo moja, zinashuka kwa pamoja kwenye barabara ambayo aghalabu haina mtaro. Tarehe 20 Desemba 2011 jiji hili lilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Kwa kiwanja kile kile ni lita 75,000, boza saba na nusu. Tunakumbuka picha za Jangwani na bonde la Msimbazi, watu wako juu ya mapaa, na waliopoteza maisha. Lawama zilikwenda kwa waliojenga bondeni, na ni kweli wamejenga pasipostahili. Ila mto haujazwi na mvua iliyonyesha juu ya mto peke yake. Unajazwa pia na sisi wa huku juu ambao tumesakafia kila kitu na kuona kwamba hayatuhusu. Kila mara nikiona uwanja uliokauka dakika kumi baada ya mvua, huwa najiuliza nani amepokea.

Sidai kwamba udongo unameza yote. Ukanda wa mchanga, kama sehemu nyingi za Kigamboni na Mbezi Beach, hunywa haraka. Udongo wa mfinyanzi hunywa polepole na kukuachia dimbwi. Mei ikifika, ardhi imeshiba wiki kadhaa, na mvua nyingi itatiririka hata ungekuwa na msitu. Kwenye vilima vya Goba na Kimara udongo ulio mtupu ni balaa nyingine: mvua mbili tatu zimechimba korongo na msingi wa ukuta unaning'inia. Huko wenye pevingi wana haki ya kuuliza nifanye nini. Jibu langu ni kwamba udongo ninaoutetea ni uliovikwa. Ukoka, mistari ya mchaichai iliyopandwa kukingama na mteremko, ngazi za mawe mahali panaposhuka sana. Mchaichai una mizizi inayoshika ardhi kama vidole, na chai unapata.

Na kuna upande wa pili wa maji hayo hayo. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi jiji likaingia kwenye mgao, watu wakabeba ndoo mitaa ambayo haijawahi kubeba. Wengi wetu tuliponea visima. Sasa kisima kinajazwa na nini, kama si mvua iliyoingia ardhini? Kwenye ukanda wa pwani mambo ni magumu zaidi: tunavuta maji matamu mengi kuliko yanayorudi, na maji ya bahari yanasogea chini kwa chini kuchukua nafasi. Wenye visima vilivyoanza vitamu na leo ni vya chumvi wanalijua hilo kwenye ulimi. Mtu anachimba kisima kwa mamilioni, kisha anaifunika ardhi inayokilisha. Hili huwa linanisumbua kuliko mafuriko yenyewe, kwa sababu hapa hatumwumizi jirani. Tunajiumiza wenyewe.

Nije kwenye joto, ambako wenye pevingi wananyamaza. Kitofali cha saruji kilichoanikwa juani mchana wa Februari huweza kupita nyuzi 50 kwa juu. Mtoto hawezi kukikanyaga pekupeku. Usiku kinarudisha joto lile taratibu kuelekea madirishani, nawe umelala umewasha feni na unalaumu bati. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinakingwa vya kutosha na upenu wa kawaida. Ukuta unaoteseka ni wa magharibi. Jua la saa kumi jioni linakuja limelala, linapita chini ya upenu, linaupiga ukuta hadi linapozama. Upenu hauwezi kulizuia. Mti unaweza. Mwembe ni mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu haupukutishi majani yote kama mkungu. Kivuli chake kipo Februari na kipo Agosti.

Wazee walioziweka nyumba zao kwa kuufuata upepo walikuwa na akili ambayo ramani za kununua hazina. Miezi ya joto kali ndiyo miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi. Dirisha la chumba cha kulala linaloupokea upepo ule, likiwa na udongo wenye kivuli mbele yake, linaleta hewa iliyopoa. Dirisha lile lile likiwa mbele ya mita 300 za saruji linaleta hewa ya jikoni.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza: mbona nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazina bustani na watu wameishi humo karne kadhaa? Ni swali zuri, na lilinifanya nifikiri. Kweli, kule ni mawe na sakafu ya chokaa, na miti ni ya kuhesabu. Lakini vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba inaikinga nyumba nyingine, kuta ni nene za mawe ya matumbawe, na ndani kuna uwazi unaovuta hewa juu. Ule ni ufundi kamili wa namna yake. Sisi tumechukua saruji tu, tukaacha kivuli. Tumejenga nyumba ya ukuta mwembamba katikati ya kiwanja kipana, kisha tukakisakafia kiwanja chenyewe.

Kuhusu mbu na nyoka, nitasema kwa ufupi. Maji yanayozama kwa siku moja au mbili hayakuzi mbu, kwani yai hadi mbu mzima huchukua wiki moja au zaidi. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyotutikisa 2014 na tena 2019, hazaliani kwenye udongo. Anazaliana kwenye ndoo, matairi, na vile visahani vya chini ya vyungu vya maua ambavyo wenye pevingi huvipanga kwa wingi kwa sababu hawana tena pa kupanda. Nyoka naye hupenda rundo la matofali na mbao zilizobaki tangu ujenzi kuliko ukoka uliofyekwa.

Hoja ya majani siwezi kuipita haraka hivyo. Mti unapukutisha na mtu lazima afagie, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama au binti, kabla jua halijachomoza. Mwanamume anayesifia miti huku hajawahi kushika fagio la chelewa anagawa kazi isiyo yake. Mimi nafagia Jumamosi na Jumapili, siku nyingine tunapokezana, na majani yanakwenda chini ya migomba. Hata hivyo pevingi nayo haijisafishi: inaoshwa, kwa maji ya bomba, na magugu yanachomoza katikati ya vitofali. Na tusisahau kwamba uwanja wa udongo kwa bibi zetu haukuwa uchafu. Ulifagiliwa kila alfajiri hadi mistari ya fagio ikaonekana, na mgeni aliyefika mapema aliona aibu kuikanyaga. Uwanja ule ulikuwa umekamilika, na ulikamilishwa upya kila siku.

Mizizi ni suala la kuchagua. Mkakaya na jamii ya mitini visogezwe mbali kabisa na karo na msingi. Mwarobaini unakuwa mkubwa, hautoshi kwenye kona ya mita tatu. Mpera, mkomamanga, mlimau na mstafeli vinakaa vizuri karibu na nyumba na vinalisha.

Hivyo kwangu mezani kulikuwa na karatasi, rula na yale mahitaji ya kweli. Njia ya gari mita 3 kwa 12: 36. Njia ya miguu kutoka getini hadi mlangoni na kuzunguka hadi uani, pana ya kumtosha mama na mtu wa kumshika, mita 1.2 kwa 15: 18. Pa kufulia na kuanikia: 20. Jumla 74 kati ya 340. Vitofali vikae juu ya mchanga bila zege chini, na viungo vijazwe mchanga badala ya saruji ili kidogo kipenye. Pa gari viwekwe vyenye matundu, ukoka uote katikati. Maji ya bati yaingie tangini kwanza, ya ziada yaende kwenye shimo lililojazwa mawe karibu na migomba. Nilipomwonyesha fundi, alihesabu vitofali akaona ni vichache mno, akanyamaza. Kisha akauliza kama mama ndiye atakayepita upande ule, maana kama ni hivyo ngazi ya mlangoni ni ndefu sana, tuifanye mteremko. Mimi nilikuwa sijaliona hilo.

Jumamosi alikuja na kamba na vigingi. Tulipima kuanzia mlangoni kwa mama, tukaipitisha kamba moja kwa moja kuelekea uani, na ilipogusa mwembe nikadhani ataniambia tuukate, kwa kuwa bado ni mdogo. Aling'oa vigingi viwili, akarudi nyuma hatua tatu, akaizungusha.