Somaliland, kati ya Hargeisa, Mogadishu na Las Anod

Mwaka 1988 ndege za kivita za serikali ya Siad Barre, rais wa Somalia, ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland ya leo, zikageuka, zikaumwagia mji uleule mabomu, kisha zikarudi kutua zilikotoka. Mji ulibaki magofu. Wakazi waliosalimika walitembea kwa miguu kuelekea Ethiopia, na wengi walikaa kwenye kambi za huko miaka kadhaa. Leo abiria anayetoka Addis Ababa au Dubai anatua kwenye uwanja huohuo. Akifika katikati ya mji anakuta ndege moja aina ya MiG imewekwa juu ya mnara, na hatua chache kutoka hapo wabadilisha fedha wamepanga mabunda ya noti chini kama mtu anayepanga matofali.

Anayetaka kujua kwa nini watu wa Hargeisa hawataki kusikia habari ya kurudi chini ya Mogadishu, mji mkuu wa Somalia waliyojitenga nayo mwaka 1991, aanzie kwenye mnara ule. Asiishie pale tu, kwa sababu jambo hili lina upande wa tatu ambao wageni wengi huondoka bila kuuona.

Somaliland ilitawaliwa na Uingereza, na kusini kulikuwa chini ya Italia. Kaskazini kulipata uhuru Juni 26, 1960. Siku tano baadaye, Julai 1, kusini nako kukawa huru na pande mbili zikaungana. Haraka ile ndiyo iliyozaa kesi inayosumbua mpaka leo. Bunge la Hargeisa lilipitisha hati yake ya muungano, Mogadishu wakaandaa ya kwao, na maandishi hayo mawili hayakuwahi kuwa mkataba mmoja uliotiwa saini na wote. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya na kupewa nguvu ya kurudi nyuma, kana kwamba kila kitu kilikuwa sawa tangu mwanzo. Sisi Watanzania tuliokulia kwenye mabishano ya hati za 1964 hatuhitaji kuelezwa jinsi karatasi ya aina hiyo inavyoweza kuamka miaka sitini baadaye.

Dalili zilionekana mapema. Rais na waziri mkuu wa kwanza wote walitoka kusini, na makao makuu yakawa Mogadishu. Katika kura ya maoni ya katiba, Juni 1961, wengi wa waliopiga kura kaskazini waliikataa, na chama kikubwa cha huko kilisusia. Desemba mwaka huohuo maofisa vijana wa jeshi walijaribu uasi Hargeisa wakashindwa. Waliposhtakiwa, hakimu Mwingereza aliwaachia, kwa hoja kwamba hapakuwa na sheria halali ya muungano ya kuwahukumia.

Mawakili wa Somaliland wanaipenda sana hukumu ile. Mimi naiona nusu tu ya habari. Mwaka 1960 watu wa Hargeisa hawakuburutwa. Waliutaka muungano, tena kwa shangwe. Nyota ya ncha tano kwenye bendera ya Somalia iliwakilisha nchi tano za Wasomali, ikiwemo kaskazini mashariki mwa Kenya, na ndoto hiyo ndiyo iliyoleta vita vya Shifta miaka ya sitini. Aliyeongoza kaskazini kuingia kwenye muungano alikuwa Mohamed Haji Ibrahim Egal. Akaja kuwa waziri mkuu wa Somalia nzima, Barre akamfunga, na kuanzia 1993 akawa rais wa Somaliland iliyojitenga, akaijengea jeshi, sarafu na hazina. Uwanja wa ndege niliouanza nao unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kujitenga kwa Somaliland kulitokana zaidi na waumini wa umoja waliokata tamaa, na waliokatishwa tamaa kwa mabomu.

Uhuru ulitangazwa upya Burao, Mei 18, 1991, baada ya Barre kuanguka. Kilichofuata ndicho kinachowavutia wasomi wa siasa: badala ya kusubiri vikao vya hoteli nje ya nchi, wazee wa koo walikaa chini ya miti na kwenye kumbi za shule, wakala vya mfugaji na kubishana miezi mizima. Mkutano wa Borama wa 1993 ulizaa bunge lenye nyumba mbili, moja ikiwa ya wazee, inayoitwa Guurti. Tangu hapo kumekuwa na kura ya maoni mwaka 2001 na chaguzi kadhaa. Mwaka 2003 urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura 80 kwa hesabu ya awali, na aliyeshindwa alikwenda mahakamani, si msituni. Novemba 2024 rais aliyekuwa madarakani, Muse Bihi, alishindwa na Abdirahman Mohamed Abdullahi, anayejulikana kama Irro, akakabidhi ofisi. Zihesabu nchi za Afrika zinazotambuliwa na dunia nzima ambazo zimewahi kufanya hivyo.

Picha ina madoa yake. Chaguzi huahirishwa mpaka watu wanachoka kuhesabu, wajumbe wa Guurti hawajawahi kupigiwa kura na wananchi, waandishi wa habari hukamatwa, na katika uchaguzi wa wabunge wa 2021 hakuna mwanamke hata mmoja aliyeingia kwenye viti 82.

Upande wa Mogadishu nao una hoja, na si ya ubishi mtupu. Viongozi wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru isiguswe. Eritrea na Sudan Kusini ziliondoka, ndiyo, lakini kila moja kwa ridhaa ya nchi iliyoachwa. Ukimruhusu mmoja aondoke bila ridhaa, wapo wengi wanaosubiri nyuma yake kwenye foleni. Hargeisa hujibu kwamba mpaka wao ni ule uliokuwepo Juni 26, 1960, hivyo wao ndio wanaoheshimu kanuni ya Cairo. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliotembelea huko mwaka 2005 ulikubali kwamba kesi hii ni ya pekee na haipaswi kuogopwa kama mlango wa wengine. Ripoti ikasomwa, ikawekwa kabatini.

Sasa twende mashariki, katika mkoa wa Sool. Mji wake, Las Anod, ni wa ukoo wa Dhulbahante, na wengi wa huko hawakuwahi kujiona ndani ya mradi wa Hargeisa, ambao uti wa mgongo wake ni koo za Isaaq. Maandamano yalianza Desemba 2022. Februari 2023 yakageuka vita, mji ukapigwa makombora, hospitali ikaguswa, na makumi ya maelfu wakakimbia. Agosti jeshi la Somaliland likafukuzwa kwenye kambi yake ya Goojacade. Wenyeji wakajiundia utawala wao, SSC-Khaatumo, na Oktoba Mogadishu ikautambua.

Hapa ndipo ninapokwama na hoja ya Hargeisa. Imesimama kwa miguu miwili: mpaka wa mkoloni na ridhaa ya watu. Las Anod miguu hiyo inakwenda njia mbili. Ukifuata mpaka, Sool ni Somaliland. Ukifuata ridhaa, siyo. Tena mpaka wenyewe una uchungu wake kule. Ngome za Taleh, makao ya Sayyid Mohammed Abdullah Hassan na Darawishi wake waliopigana na Waingereza kwa miaka ishirini, zimo mkoani humo. Mwaka 1920 zilipigwa mabomu na ndege za Uingereza, na askari wa King's African Rifles waliotolewa makoloni ya Afrika Mashariki walishiriki vita hivyo. Mtu wa Taleh ukimwambia kwamba mpaka wa Mwingereza ndio utakatifu wenyewe, usishangae akikutazama tu.

Lakini Mogadishu isichekelee. Tangu 1991 haijaitawala Hargeisa hata siku moja. Imekubali sauti ya Las Anod kwa sababu ya ridhaa ya wenyeji, na ridhaa hiyohiyo ikitoka Hargeisa inaitwa uhaini. Zaidi ya hayo, serikali ya leo haijawahi kukaa na kusema kwa uzito uliostahili kwamba yaliyotendeka 1988 yalitendwa na dola ambayo yenyewe inadai kuirithi. Makaburi ya halaiki karibu na Hargeisa yamefukuliwa na wataalamu wa nje. Idadi ya waliokufa inakisiwa kwa makumi ya maelfu.

Hadi hapa ni habari ya mtawala na mtawaliwa. Nani sasa anayemiliki wimbo? Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa mwaka 1924 Moshi, chini ya Kilimanjaro, akajifunza udi Aden na kutungia Hargeisa nyimbo za kudai uhuru. Hadrawi, malenga aliyezaliwa Burao, alifungwa na Barre miaka mitano na akafariki Hargeisa mwaka 2022. Mogadishu na Hargeisa zote zilimlilia kama wake. Mabomu yalipokaribia, wafanyakazi wa Radio Hargeisa na wapenzi wa muziki walificha kanda, nyingine zikafukiwa ardhini. Maelfu ya kanda zimekusanywa tena katika kituo cha utamaduni cha Hargeisa, mji ambao pia una maonyesho ya vitabu ya kila mwaka tangu 2008. Ukisikiliza kanda hizo, mwimbaji wa Mogadishu na wa Burao wanapokezana upande A na upande B. Lugha moja, dini moja, ushairi mmoja. Wanaotaka umoja hulitumia hilo kama ushahidi, ingawa kwa mantiki hiyo Waarabu wangekuwa na nchi moja.

Kwa msafiri, utajiri upo. Kilomita kama hamsini kutoka Hargeisa kuna Laas Geel, mapango yenye michoro ya ng'ombe waliovishwa mapambo shingoni, rangi nyekundu na nyeupe zikiwa bado hai baada ya maelfu ya miaka. Wafugaji wa jirani waliijua siku zote. Dunia iliambiwa baada ya wanaakiolojia wa Kifaransa kufika mwaka 2002. Berbera ina mji mkongwe wa nyumba za mawe ya matumbawe zinazomomoka, ambazo mtu wa Lamu au Pangani angezitambua papo hapo, na bandari ambayo DP World ya Dubai iliichukua kwa mkataba wa 2016. Hapohapo, Aprili 1855, msafiri Mwingereza Richard Burton alipigwa mkuki uliopita shavu hadi shavu. Kovu hilo ndilo alilokwenda nalo Zanzibar na Ujiji. Magharibi kabisa kuna Zeila. Ibn Battuta alipita hapo karne ya 14 akiwa njiani kwenda Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na harufu ya samaki na damu ya ngamia ilimshinda akaamua kulala chomboni.

Magharibi na katikati, kati ya Hargeisa, Berbera na mji wa Sheikh, hali ni tulivu kwa kiwango ambacho mgeni hakitarajii. Shambulio kubwa la mwisho la kigaidi Hargeisa lilikuwa Oktoba 2008. Pombe marufuku, mavazi ya heshima kwa wote, wali na nyama ya ngamia mezani, na malipo ya simu kila mahali. Hata ombaomba anaweza kukupa namba. Mashariki ni habari nyingine. Milima ya Sanaag yenye miti ya ubani ndiyo mizuri kuliko yote, na ndiyo inayogombewa. Mwenye kampuni ya utalii anayekuuzia safari ya huko bila kukueleza hilo, mwache.

Kutotambuliwa kunamgusa mgeni kwa njia za kawaida kabisa. Serikali nyingi huiweka Somaliland chini ya onyo moja na Somalia nzima, kwa hiyo bima ya safari inakataa au inapanda bei. Ukipoteza pasipoti, hakuna balozi nyingi za kukimbilia. Laas Geel haiwezi kuombewa nafasi kwenye orodha ya urithi wa dunia na Hargeisa, kwa kuwa nchi iliyotia saini mkataba huo wa UNESCO ni Somalia, mwaka 2020. Michoro iliyodumu maelfu ya miaka inasubiri wanasiasa wapatane. Na tangu Septemba 2025 Mogadishu ina viza yake ya mtandaoni inayodai ni ya nchi nzima, Hargeisa inasema haiitambui, na abiria amebaki katikati akijiuliza alipe wapi.

Desemba 26, 2025 Israel ilitangaza kuitambua Somaliland. Hargeisa watu walitoka barabarani kushangilia. Umoja wa Afrika, Misri na Uturuki walipinga. Naielewa shangwe, baada ya miaka thelathini na minne ya kugonga milango. Ila mlango wa kwanza kufunguka ukiwa ule, wakati vumbi la Gaza halijatulia, unawapa sababu majirani Waislamu waliokuwa wanasitasita. Makubaliano na Ethiopia ya Januari 2024, ya kuipa Ethiopia njia ya bahari nayo iitambue Somaliland, yaliwasha moto kisha Uturuki ikauzima Desemba mwaka huo. Mara zote mbili anayetambua ana haja yake ya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Las Anod haikuulizwa mara zote mbili.

Kwetu swali limeshaingia sebuleni. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na kwa hesabu ya Mogadishu mfanyabiashara wa mbuzi wa Berbera ni mwenzetu wa jumuiya, apende asipende.

Ndege nazo hazingoji majibu. Anga la juu la nchi zote mbili, au la nchi moja, chagua mwenyewe, liliongozwa kutoka Nairobi kwa miaka mingi, mpaka likarudishwa Mogadishu mwishoni mwa 2017. Rubani anayekaribia Hargeisa huongea kwanza na Mogadishu, kisha anabadili masafa na kuomba kutua.