Ubaguzi wa Adabu Katika Fleti za Kupangisha

Sheria ya makazi ya haki ya Marekani, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza kumbagua mpangaji kwa rangi, dini au asili ya taifa lake. Jinsia iliongezwa mwaka 1974, na mwaka 1988 wakaingizwa watu wenye ulemavu na familia zenye watoto. Msimamizi wa fleti anaweza kuikariri orodha hiyo yote na bado akaivunja sheria kwa lugha ya upole kabisa.

Mwaka 1978, katika Kaunti ya Henrico, Virginia, Sylvia Coleman, mwanamke mweusi, aliiuliza kampuni ya Havens Realty kama ina fleti zilizo wazi, akajibiwa kuwa hakuna, ilhali Mzungu aliyeuliza jambo hilohilo aliambiwa zipo. Wote wawili hawakuwa na haja ya nyumba, kwa kuwa walitumwa na shirika la kutetea haki za makazi kuupima ukweli. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Coleman alistahili kushtaki hata hivyo, kwa sababu sheria inakataza kumdanganya mtu yeyote, kwa ajili ya rangi yake, kwamba nyumba iliyo wazi imekwisha kuchukuliwa. Kwangu mimi huo ndio uti wa mgongo wa sheria nzima, maana anayedanganywa kwa heshima kwenye simu hana namna ya kujua kwamba amebaguliwa.

Lililo gumu zaidi ni wema. Msimamizi anayemwelekeza mama mwenye watoto wadogo kwenye fleti za chini tu, eti roshani za juu ni hatari, anajiona mwungwana, kumbe amemchagulia pa kuishi, jambo ambalo sheria imemwachia mama mwenyewe. Amweleze zote zilizo wazi, kisha anyamaze.

Mwenye jengo lisilozidi fleti nne, akiishi humo mwenyewe, amesamehewa sehemu kubwa ya masharti haya, ingawa si katika matangazo. Msamaha huo naona umepitwa na wakati. Kampuni kubwa hazina pa kujificha: tangu uamuzi wa Meyer dhidi ya Holley wa mwaka 2003, ni wazi kwamba kampuni huwajibika kwa ubaguzi anaoufanya mfanyakazi wake akiwa kazini, hata kama wakuu hawakumtuma.