Elimu itolewe, elimu itolewe, na popo wa Pemba je?

Juzi nilikuwa kwenye semina moja hapa Chake Chake, Pemba, ofisi siitaji, siku nzima tunazungumzia bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, na karibu kila aliesimama kuchangia alimaliza na maneno yaleyale: wananchi wetu uelewa wao mdogo, elimu itolewe. Maneno haya nayasikia tangu nipo skuli. Mikoko ikikatwa elimu itolewe, juya la kukokota likivunja matumbawe elimu itolewe, kasa akichinjwa elimu itolewe. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mvuvi, muda wote kimya, anaizungusha kofia yake mkononi. Ilipofika saa ya chai akaniinamia akanambia, "Mwanangu, hayo yote mie nayajua kabla yao. Nambie kesho n'kavue wapi."

Sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani na hasira na nimekaa nayo siku tatu, ndo maana naandika. Hasira yenyewe sio na mtu, ni na hili wazo kwamba watu wanaharibu kwa sababu hawajui, kwa hivo ukishawambia basi umemaliza, unakunja bango unaondoka.

Mie nimelelewa na ami yangu, na ami alikuwa mwindaji wa popo, wale wakubwa wa matunda. Sio siri, kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilikula. Naukumbuka ulimbo wake, utomvu wa mfenesi anaupika kwenye kopo mpaka unavutika, halafu anaupaka kwenye fito ndefu anazifunga juu ya msufi wakati unatoa maua. Baada ya magharibi wanaanza kuja mmoja mmoja kunyonya, bawa likigusa fito basi, popo anabaki ananing'inia na kelele zake. Kazi yangu ilikuwa kushika taa. Kwa hivo nimewaona kwa karibu kuliko wengi wanaowasoma: manyoya rangi ya kutu, masikio meusi, na yale macho makubwa yanakutizama moja kwa moja, na siku moja tulimshusha jike tukakuta kitoto kimemng'ang'ania kifuani, na ami alinyamaza kidogo halafu akawatia wote kwenye gunia. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Hakuna alienifundisha kama lile ni baya lakini sikukila kile chakula usiku ule.

Kisha wakaisha. Bunduki zilishaingia, misitu ilishakatwa kwa mashamba na kuni, na ami akawa anakaa na fito zake mpaka saa nne usiku anarudi na popo wawili, siku nyengine hana kitu. Watafiti waliofika mwishoni mwa miaka ya 80 waliwakuta wachache mno, na mwaka 1996 popo wa Pemba akaandikwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio ukingoni kabisa kupotea. Na huyu ukimkosa Pemba umemkosa dunia nzima, hayupo Unguja, hayupo bara, na jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.

Saivi nenda Kidike, pale Mjini Ole, nenda mchana. Utawasikia kabla hujawaona, na harufu yao utaipata, halafu unanyanyua uso unaona miti imejaa kama imezaa matunda meusi. Hesabu ya mwaka 2007 ilikadiria kisiwa kizima kina popo kama elfu 20, na mwaka 2008 wakashushwa kutoka daraja ile ya hatari kabisa. Hilo limetokea Pemba, kwa mikono ya watu wa Pemba, watu hawahawa ambao kila semina tunaambiwa uelewa wao mdogo.

Sasa nini kilimbadilisha ami yangu akaacha kuwinda? Nimemuuliza mwenyewe, sio mara moja. Vijiji viliunda vilabu vya popo, hilo linajulikana, watoto wa skuli wakaingizwa, wazee wakaingizwa, watu wakachaguliwa kulinda pale popo wanapolala mchana. Hapo kwetu mmoja wa walinzi alikuwa kijana wa dada yake ami, yaani mpwa wake aliemfundisha yeye mwenyewe kupanda minazi. Ami anasema, "Angenikamata yule, uso ningeuweka wapi? Ningekaaje barazani?" Hakusema aliogopa faini. Hakusema alisoma kipeperushi. Na jengine analolisema, popo wengi walikuwa wanalala kwenye miti ya makaburini, na makaburini watu wa kwetu hawakati mti na hawapigi kelele, hiyo heshima ilikuwepo kabla ya mradi wowote wa kuwalinda popo. Mradi uliikuta ukaiegemea. Hapo ndo pana siri yote, kwamba hawakuja na kitu kigeni wakakipachika, walichukua aibu yetu na heshima yetu kwa wafu wakaifanya kivuli cha popo. Na Kidike wageni wanalipa kuja kutizama na kile kijiji kinapata kitu, sio kikubwa, lakini mtu anajua popo akiwa hai mtini ana faida ambayo kwenye chungu hana.

Nakubali kwa shingo upande kwamba elimu ilikuwemo. Ami hakujua kama popo yule hayupo pengine popote, na alipoambiwa anasema alipata fahari, akawa anawambia wageni kama mtu anaeonesha mtoto wake. Sawa. Lakini elimu ile ilimkuta mtu ambae tayari anatizamwa na mpwa wake. Ingekuja peke yake ingempita masikioni.

Na anaesema watu wanaacha wakishajua hatari, naomba anisikilize hapa. Novemba 2021 watu saba walifariki Pemba kwa kula nyama ya kasa. Nchi nzima ilisikia, redioni ilisemwa, watsapu ilizunguka, viongozi wakakataza. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine wengi wakalazwa. Mungu awarehemu wote. Siandiki kulaumu familia za watu, nani asiejua kwetu nyama ya kasa ikipatikana inagaiwa, jirani anakuletea bakuli imefunikwa na kawa, bi mkubwa anakupokea mlangoni, utaikataaje bakuli ya jirani? Mtu anajua kasa wengine wana sumu na anajua sheria inakataza, lakini bakuli iko mlangoni na aliekuletea ndie aliekuzikia baba yako. Hapa unahitaji namna ya mama kusema hapana bila kuuvunja ujirani, na hiyo haipo kwenye vipeperushi, itatoka kwa wale kina mama wenyewe wakikaa wakakubaliana kwamba sie shehia hii kasa hatumgai, ukiletewa ukikataa hakuna atakaenuna. Mpaka hilo likubaliwe na wote, tutazika tena, na kasa nao wataendelea kuisha.

Pweza ni habari yenye furaha zaidi. Kisiwa Panza hukohuko, na vijiji vyengine baada yake, watu wamekubali kufunga sehemu ya mwamba miezi mitatu mtu asiguse pweza. Pweza anakua haraka mno, umri wake wote ni mwaka au kupita kidogo, kwa hivo ukimwacha wiki chache tu yule ulietaka kumchokoa wa nusu kilo unamkuta mwengine kabisa. Nimewahi kwenda siku ya kufungua. Bamvua, maji yamekupwa mbali, kina mama wamesimama ufukweni na mikonzo yao, kanga zimefungwa magotini, wanasubiri kamati iseme. Palikuwa na bi mmoja miguu yake yote ina makovu ya mwamba, alirudi na pweza, mikono ya pweza mwenyewe inaburura kwenye mchanga, kamnyanyua anatuonesha na hawezi kusema kwa kucheka. Miezi mitatu yote yule bi alipita pale mwambani kila siku kwenda kwenye mwani wake na hakuinama, kwa sababu mwenzake nae hakuinama.

Ila niseme na hili kwa sababu linaniuma. Siku ya kufungua vijana wenye miwani ya kuzamia na ngalawa wanawahi kule kwenye kina, wanatoka na pweza wakubwa, na mama anaetembea kwa miguu anapata waliobaki. Miezi mitatu aliekosa kitoweo zaidi ni yeye. Ukimwomba mtu ajizuie halafu matunda yake akavuna mwengine, mwaka wa pili hatojizuia, na hapo msije mkasema hana elimu. Kuna kamati zinaweza kuwapa kina mama siku yao au sehemu yao kwanza, na zisizofanya hivo zianze.

Msitu wa Jozani, kule Unguja, nako kulikuwa na mabango barabarani kwa miaka, punguza mwendo, wanyama wanavuka, na kima punju, wale kima wekundu, wakawa wanagongwa tu na magari. Yalipowekwa matuta barabarani vifo vikapungua. Dereva ni yuleyule na bango ni lilelile.

Na chui wetu wa kule Unguja tuliwamaliza wenyewe, kwa kuamini wapo chui wanaofugwa na wachawi. Baada ya Mapinduzi ikaingia kampeni ya kuwasaka, watu wakashirikiana kijiji kwa kijiji kwa moyo mmoja. Nikiikumbuka hiyo naogopa, kwa sababu nguvu ileile iliyowarudisha popo ndiyo iliyowamaliza chui, watu wakikubaliana jambo hapa visiwani linakwenda mpaka mwisho.

Yule mzee wa semina nilichukua namba yake. Nimempigia jana, nimemuuliza kwao wamewahi kukaa wakazungumza kufunga sehemu ya mwamba, akasema wamezungumza mara mbili na wameshindwana juu ya nani alinde usiku. Semina nyengine iko mwezi ujao. Nimewaandikia waandaaji nikawaomba huyu mzee apewe nusu saa aeleze wameshindwana wapi, na yule bi wa pweza aitwe ajibu. Bado nasubiri jibu lao.