Dawa ya mswaki ni ya meno jamani

Jumamosi tulikuwa kwenye shughuli ya ndugu huku Mbagala, akina mama wako uani wanakaanga sambusa, mara binti mmoja mafuta yakamrukia mkononi hapa chini ya kiwiko. Aisee, hata hajamaliza kupiga kelele shangazi ashafika na dawa ya mswaki, jirani kashika yai bichi, na baba mmoja ambaye hata jikoni hakuwepo anaelekeza kwa mbali "mpakeni mafuta ya taa". Ndoo ya maji safi iko palepale. Nikasema mwagieni maji, nikajibiwa "maji yatamtoa malengelenge mwanangu, acha."

Hii ya malengelenge ndo inanimaliza kabisa. Lengelenge linaletwa na moto ulioingia kwenye ngozi, maji yanasingiziwa tu. Mafuta yakishakurukia ngozi inabaki na joto na lile joto linaendelea kushuka chini, sasa maji ndo yanalitoa. Dakika 20, maji ya kawaida yanayotiririka, barafu hapana, na hata ukichelewa bado yanasaidia ndani ya masaa 3 ya kwanza. Pete na bangili vua mapema kabla hujavimba. Najua mtaniuliza bomba lenyewe linatoa maji mara ngapi kwa wiki, sawa, chukua jagi umwagie taratibu juu ya beseni, au loweka mkono humo na ubadilishe maji yakianza kuwa vuguvugu. Tatizo letu ni kwamba kukaa dakika zote hizo na mkono kwenye maji kunaonekana kama hamna kilichofanyika, watu wanataka kitu cha kupaka, kionekane, shangazi aridhike kwamba ametibu!

Dawa ya mswaki ule ubaridi ni wa minti tu, joto lenyewe liko chini limetulia. Halafu inakauka inaganda, ukifika zahanati nesi lazima aibandue yote ndo aone kidonda kikoje, hapo ndo utajua kulia ni nini. Yai bichi lina bakteria, unawapeleka kwenye kidonda kufanya nini? Mafuta ya taa sina la kusema, baba wa watu alishatoa ushauri akaendelea na soda yake.

Asali haya, nakubali shingo upande, kuna tafiti zinaonyesha inasaidia vidonda vidogo vya moto kupona. Ila iwe baada ya maji, na iwe asali kweli, sio hii ya kuchanganywa na sukari guru.

Lengelenge usitoboe. Funika na kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi, meza panadol, basi. Ukiungua eneo kubwa kuliko kiganja chako, au ni usoni, vidoleni, kwenye maungio, sehemu za siri, au aliyeungua ni mtoto mdogo, nenda hospitali na uulizie sindano ya pepopunda. Na usiende umepakwa chochote, nesi ana foleni.