Kabla ya lita, tuulizane kilo

Jumamosi moja mwaka jana tulipakia injini mbili kwenye pikapu tukazipeleka Katwe, hapa Kampala, kwa muuza vyuma chakavu mwenye mizani kubwa ya chini. Moja ilikuwa 2T, ile ya cc 1588 (lita 1.6 hivi) iliyotoka kwenye Toyota Celica yangu ya mwaka 1974. Ya pili ilikuwa 3S-GE ya lita 2, tuliyoing'oa kwenye Toyota Altezza iliyogongwa nyuma; nilitaka ichukue nafasi ya ile ya kwanza kwenye Celica. Vijana wa pale walidhani tunauza, wakaanza kutaja bei. Fundi wangu, mzee wa Bombo aliyeshika spana kabla mimi sijazaliwa, akawaambia watulie, hatuuzi, tunapima tu. Wakatutazama kama watu waliopotea njia. Tulizipima zikiwa na oltaneta, stata na klachi, maana injini haiingii garini ikiwa tupu. Ile ya Altezza ilizidi, lakini kwa uzito usiofika mfuko mmoja wa unga wa posho. Nikamgeukia fundi: "Mzee, twende kazini."

Kila tunapokutana wapenzi wa magari ya zamani, iwe kwa fundi kule Ndeeba au kando ya njia siku ya mbio, swali la kwanza ni lilelile: umeweka injini gani, lita ngapi (ujazo wa silinda zake), farasi wangapi (nguvu zake)? Lita zinatajwa kama idadi ya ng'ombe wa mahari. Sijawahi kusikia mtu akiuliza injini ina kilo ngapi na kilo hizo zimekaa wapi. Mimi nasema hilo ndilo la kuuliza kwanza. Gari la michezo la milango miwili lilichorwa lipinde kona, na likishalemewa puani hata farasi 300 hawalisaidii. Utakuwa na mwendo, lakini lile ulilolipenda siku ya kwanza ulipolikalia limekwenda.

Waingereza walikwishalipia somo hili. Watengenezaji wa magari wa MG walikuwa na MGB GT, gari zuri lenye mgongo wa mteremko lililotoka mwaka 1965 na injini ya silinda nne ya cc 1798. Wateja wakataka nguvu zaidi. Mwaka 1967 kiwanda kikatoa MGC: bodi ileile, ndani yake injini ya silinda sita ya lita 2.9, chuma kitupu. Injini hiyo ilizidi ile ya silinda nne kwa karibu kilo 95, sehemu kubwa ikiangukia magurudumu ya mbele, na ili injini ienee ikabidi wabadili springi za mbele na kuinua boneti kwa nundu. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka lilikwenda vizuri. Kwenye kona pua ikagoma kugeuka. Waandishi wa magari wakalisema vibaya, na mwaka 1969 likakoma baada ya magari kama 9,000.

Halafu akaja Ken Costello, dereva wa mbio na mtengenezaji wa huko huko Uingereza, akapandikiza kwenye MGB injini ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya Rover ya lita 3.5. Lita zimezidi hata za MGC! Ila ile V8 ilikuwa ya alumini. Asili yake ni Buick ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Rover walinunua haki ya kuitengeneza. Uzito wake haukuzidi ule wa silinda nne ya chuma iliyotolewa. Gari likapata mwendo na bado likapinda. Kiwanda nacho kikakubali, kikatoa MGB GT V8 yake mwaka 1973, farasi 137, bila nundu kwenye boneti. Hadi mwaka 1976 yalitoka magari 2,591 tu. Mwaka uleule lilipozaliwa ndipo bei ya mafuta iliporuka duniani, na hilo gari lenyewe halikuwa na kosa nalo. Nikibishana na mtu huwa nayaweka magari haya mawili mezani, MGC na MGB GT V8, kwa sababu bodi ni moja na jina ni moja. Lile lenye lita nyingi zaidi ndilo lililokuwa jepesi puani, na ndilo watu wanalolitamani mpaka leo.

Sasa nirudi nyumbani. Rafiki yangu wa Mbarara ana Celica ya umri mmoja na yangu. Aliiwekea injini ya 1JZ ya lita 2.5 kutoka kwenye Toyota Mark II. Namheshimu, na kazi ya nyaya aliyoifanya ni safi kuliko yangu. Lakini 1JZ ni silinda sita za mstari mmoja, ndefu na nzito, na pua ya Celica ile ni fupi. Fundi wake alikata kwa grenda paneli ya mbele inayoshika rejeta, akaisukuma rejeta mpaka ikakaribia kugusa grili, akaweka feni mbili za umeme. Tulipotoka Mbarara kwenda Kabale nilikuwa nimekaa kushoto, nikifurahi kama mtoto. Ile sauti! Kupita lori lilikuwa jambo la kukanyaga na kurudi upande wako. Kisha tukaendelea njia ya Kisoro, tukapanda milima ile mpaka Kanaba, tukaanza kushuka. Kona ya tatu au ya nne nikasikia harufu ya breki. Kona iliyofuata usukani ulikuwa umegeuzwa na gari linaendelea mbele, matairi ya mbele yakilia, ukingo wa barabara ukija kwangu. Rafiki yangu aliliokoa. Tukasimama, tukafungua boneti, hatukusemezana kwa muda. Diski za mbele zilikuwa zilezile za mwaka 1974, zilizotengenezwa kusimamisha gari la cc 1600.

Toyota wenyewe walilijua jambo hili. Walipotaka kuweka silinda sita kwenye Celica mwaka 1978, hawakuibana ndani ya pua iliyokuwepo. Walirefusha gari kuanzia mlangoni kwenda mbele, wakaliita Celica Supra. Wenye kiwanda, wahandisi na pesa zote walikubali kwamba injini ndefu inataka pua ndefu. Sisi wenye grenda moja na mchomeleaji mmoja tunajiona tumewazidi ujanja?

Wapo watakaosema basi acha injini ya zamani mahali pake, mambo yaishe. Hapana, hapo sikubaliani nao. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa hii injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda) inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ilizoandikiwa kiwandani. Kabale ni juu zaidi. Injini ya cc 1600 yenye miaka hamsini, iliyochongwa silinda mara mbili, ikipanda kilima nyuma ya trela la ndizi, haina raha yoyote, na ni hatari pia, kwa kuwa kupita kunakuchukua muda ambao lori linalokuja halikupi. Halafu kuna spea. Nilizunguka soko la spea la Kisekka siku nne kutafuta gasketi ya 2T na seti ya kukarabati kabureta yake. Spea za Altezza nazipata kabla chai haijapoa. Gari linaloegeshwa miezi minane likingoja kipande kutoka ng'ambo linaota kutu, na kutu ndiyo inayoyamaliza magari haya kweli.

Na yakiisha, yameisha. Tangu mwaka 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Sibishani na sababu zake hapa, moshi wa Jinja Road naujua. Nasema tu maana yake kwetu: kila Celica ya miaka ya 1970, kila Datsun ya Z, kila Ford Capri iliyopo Uganda leo ni ile iliyokwishakuwepo. Ukiikata bodi ukaiharibu, huendi kuagiza nyingine Japani. Kwa hiyo kanuni yangu ya pili, baada ya mizani, ni kwamba grenda ikae mbali. Injini isiyoenea bila kukata bodi si injini ya gari hilo, hata ukipewa bure. Maunti (vishikio vya injini) zitengenezwe upya, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ibadilishwe, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) ifupishwe, hivyo vyote ni vyuma vya kufungwa na kufunguliwa. Mtu atakayelirithi gari aweze kurudisha kila kitu akitaka.

Hili nililiahidi kwa mdomo. Celica niliinunua kwa mzee mmoja wa Jinja aliyeiendesha tangu ujana wake, akaniambia anauza gari, hauzi injini ikatupwe. Miezi michache baada ya kazi alinipigia simu. Hakuuliza gari linakwendaje. "Mwanangu, injini yangu iko wapi?" Nikamwambia: "Iko chini ya ngazi nyumbani, mzee. Nimeimwagia oili kwenye silinda na nimeifunika turubai." Akanyamaza, kisha akauliza kama kabureta nayo ipo. Ipo. Nimeiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na namba ya injini ile ndiyo iliyokuwa kwenye logibuku miaka yote. Yeye bado hakubaliani na nilichofanya, ameniambia wazi, na namwelewa. Kwake gari na injini ni kitu kimoja.

Lakini nikimsikia mtu wa rika langu akisema kwamba kubadili injini ni kuharibu historia, huwa namkumbusha historia yenyewe, tena ya Afrika Mashariki. Peugeot 504 sisi tunaijua kama teksi ya masafa, ile ndefu ya kubeba abiria na kuku. Ilikuwepo pia 504 Coupé, iliyochorwa na kujengwa na Pininfarina kule Italia. Ilianza na silinda nne, na mwaka 1974 ikapewa V6 ya alumini ya lita 2.7. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally akiwa ndani ya 504 Coupé yenye V6 hiyo, kwenye vumbi na matope yaliyovunja magari ya kila aina. Chukua pia Datsun 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda hii, ambaye familia yake iliondoka nchini mwaka 1972 wakati wa Amin na kwenda Kenya, alishinda Safari na 240Z mwaka uliofuata, wa kwanza kati ya ushindi wake wa mara tano. Lita 2.4 za gari lile zilikua zikawa 2.6, kisha 2.8, na injini ile ya L28 (ya lita 2.8) ni ndugu wa damu wa L24 (ya lita 2.4): inakaa kwenye nafasi ileile. Mwenye 240Z akiniuliza aweke nini, jibu langu halijawahi kubadilika. Weka L28, ulale usingizi. V8 utaniambia habari zake baadaye. Najua Basil Green wa Afrika Kusini aliweka V8 ya Ford ya lita 5 kwenye Capri mwanzoni mwa miaka ya 1970 na magari yale yakashinda mbio, lakini ile ilikuwa karakana nzima iliyolifanyia kazi gari zima, si injini peke yake.

Celica yangu sasa ina miezi saba na ile injini ya Altezza. Inaamka kwa ufunguo mara moja hata asubuhi ya mvua. Kutoka Busega kwenda Entebbe kwenye barabara ile ya kulipia, gia ya sita, kilomita 100 kwa saa inayoruhusiwa, injini inanong'ona. Kwenye mzunguko wa barabara inageuka kama ilivyogeuka nilipoinunua, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko farasi 210 walioandikwa na kiwanda. Ina kasoro. Kwenye msongamano wa saa kumi na moja jioni moto unapanda kuliko ninavyopenda, kwa hiyo rejeta ya alumini inakuja. Gia boksi ya gia sita ni nzito kuliko ile ya mwanzo, ingawa uzito huo umekaa nyuma ya injini, karibu na katikati, na sijauhisi kwenye kona. Difu ya zamani inalalamika nikikanyaga kwa hasira, basi sikanyagi kwa hasira.

Breki za mbele nilizibadilisha kabla injini haijaguswa, kwa sababu ya siku ile ya Kanaba. Rafiki yangu wa Mbarara naye ameing'oa 1JZ. Alinipigia wiki iliyopita akitaka kujua mizani ile iko Katwe upande gani, na kama mwenye nayo anatoza. Anatoza shilingi kidogo tu, nikamwambia, ila amwahi asubuhi kabla malori ya chuma hayajaingia. Kwangu bado kuna kazi moja: breki za nyuma ni dramu za mwaka 1974, na fundi hataki nilipeleke gari milimani kabla hajazishughulikia. Kwa hiyo kwa sasa naishia Masaka.